Ufunguo Mfukoni

Kigoma, tarehe 9 Februari 1964

Kwako Onesphore, seremala wa Mulongwe,

Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Nusu yangu ndiyo hii, inakuja Uvira kwa mkono wa nahodha wa boti la ndagala. Ikinuka samaki usinilaumu mimi.

Baba ameniandikia kutoka Kamanyola. Anasema ng'ombe wenu wameshuka salama kutoka Bijombo, wamenona, na yule mwenye doa jeupe usoni anatoa maziwa kuliko walivyotarajia. Amesifu kwato, amesifu pembe, amesifu hata mchungaji aliyewaleta. Mwishoni kabisa, karatasi ilipokaribia kuisha, akakumbuka kuniambia kwamba nimeposwa. Nimefurahi kwa ajili ya ng'ombe. Kuhusu mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza kitu, hata wewe.

Usitetemeke, sijakasirika bado. Nakufahamu tangu ulipokuwa unatengeneza viti vya kanisa na kunirushia mabaki ya mbao nikapikie. Sura yako naijua na kazi ya mikono yako naijua. Kilichomo kichwani mwako ndicho sikijui, na nikiolewa nitaishi nacho hicho, si na viti. Ndiyo maana nina swali kwako.

Hapa shule ya wauguzi tuna mwalimu wa Kiingereza, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, anayependa michezo ya jukwaani kuliko chai. Anatusomea michezo ya zamani ya kwao, kisha tunaicheza kwenye ukumbi wa chakula tukiwa tumejifunga mablanketi. Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenzake, ataje mchezo anaoupenda kupita yote na aseme sababu. Mimi nimebakiwa na mitatu. Nakusimulia, na wewe uchague mmoja.

Wa kwanza ni wa mfalme. Alikuwa mgonjwa, akamwazima mdogo wake taji kwa majira ya baridi tu. Alipopona mdogo akakataa kurudisha. Wakapigana, watu wakafa, mpaka mama yao mzazi akalichukua lile taji walipokuwa wamelala na kulitupa kisimani, akasema, "Sasa nyote ni wanangu tena."

Wa pili ni wa kuchekesha. Shangazi mmoja tajiri anafika kwa watu na masanduku yake, kumbe amekosea nyumba. Wenye nyumba wanajua si ndugu yao, lakini kila mmoja anaona haya kumwambia. Anakaa miezi, anawagombeza watoto, anahamisha vitanda, anamfukuza mpishi.

Wa tatu ni wa mwanamke anayetengeneza mishumaa. Mume wake alikwenda baharini, hakurudi. Yeye akaendesha duka peke yake, akaajiri watu, akajifunza hesabu, akawa mtu wa kusimama mbele za watu. Baada ya miaka mingi mume anarudi. Ufunguo wa nyumba anao bado mfukoni. Anafika mlangoni, mvua inanyesha, anautoa ufunguo, anautazama, anaurudisha mfukoni. Anabisha hodi na kusubiri. Hapo pazia linashuka. Hatuambiwi kama mke alifungua.

Onesphore, nakwambia wazi nisije nikasingiziwa baadaye. Baba anataka nirudi kuolewa nikimaliza shule mwezi wa kumi na mbili. Jibu langu litategemea lako.

Léocadie



Uvira, tarehe 1 Machi 1964

Kwako Léocadie,

Barua imefika na harufu yake, na mama ameuliza kama umetuma na samaki wenyewe.

Swali lako tumelipokea kwa uzito wake. Swali la msichana ambaye ng'ombe wake wamekwisha fika kwa baba yake halijibiwi na mtu mmoja kama anayenunua soda. Kwa hiyo nililipeleka kwa baba mdogo Ildephonse, naye akaita kikao. Walikuja wazee wote wa ukoo, hata wa kutoka mlimani. Pombe ya ndizi ilikuwepo. Nikasimama katikati na barua yako, nikasimulia michezo yote mitatu bila kuruka kitu.

Ule wa shangazi ulileta matata. Nilisubiri wacheke, hawakucheka. Mama Pélagie, mama yangu, aliweka mikono kiunoni akasema, "Minye niko nauliza. Ule bibi alifika na masanduku? Alifika. Alikula? Alikula. Basi kosa iko wapi? Mugeni ni mugeni." Baba mdogo akasema hapana, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wale Waingereza walikosa jembe tu. Mama akajibu kwamba shangazi halimi kwa watu. Walishindana hapo mpaka kibuyu cha kwanza kikaisha.

Ule wa mishumaa waliupitisha haraka. Mzee mmoja alisema, "Muntu anabisha kwenye nyumba yake mwenyewe? Uyu mume alipigwa na jua kule baharini." Wengine wakacheka, na mimi nikacheka pia.

Basi uamuzi ni huu. Tumechagua mfalme. Ni mambo ya urithi na ndugu, ni mchezo wa watu wazima. Yule mama wa kisimani amesifiwa sana, na baba mdogo ameniagiza nikuulize kama kisima kilitolewa maji tena, maana watu watakunywa nini?

Nakusalimu kwa niaba ya wote waliokuwepo.

Onesphore, pamoja na ukoo



Kigoma, tarehe 22 Machi 1964

Kwenu nyote wa ukoo mtukufu, na kama Onesphore yupo hapo nyuma, mpeni na yeye asome,

Niliuliza mtu mmoja, nimejibiwa na kikao! Niliisoma barua yako mbele ya wenzangu wa chumbani, wakacheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Nami nilicheka. Halafu wakalala, mimi nikabaki macho, na kicheko kikaniisha.

Baba yangu alipopokea ng'ombe, hakunishauri. Wewe ulipopata swali langu, ulilibeba likiwa bado na moto ukawapelekea wazee. Mimi niko wapi katika mambo haya? Mwambie baba mdogo namheshimu sana, na kisima kilisafishwa. Mwambie mama mkwe kwamba kuhusu shangazi niko upande wake. Lakini sitaolewa na baba mdogo wala na mama mkwe. Nitakapoamka usiku mtoto akiwa na homa, wazee wa mlimani hawatakuwa chumbani.

Nilikuwa sijakwambia jambo moja. Hospitali ya hapa inataka kuniajiri nikimaliza. Napenda kazi hii, Onesphore. Nikirudi Uvira nataka kuifanya huko pia, na nataka kujua mapema nitakuwa naishi na nani.

Ninachotaka ni neno lako peke yako. Uchague vibaya kama unavyotaka, lakini uchague wewe. Pasipo hilo, nitabaki Kigoma, na baba atawarudisha ng'ombe wenu Bijombo kwa miguu.

Léocadie



Uvira, tarehe 26 Aprili 1964

Kwako Léocadie, na safari hii niko peke yangu, nimefunga hata dirisha la karakana,

Barua yako imenichoma. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Umesema kweli, na sikujua kwamba nilifanya kosa. Kwetu kijana akisema mwenyewe mambo ya ndoa, watu huuliza kama hana wazazi. Nilidhani nakuheshimu.

Lakini kuchagua peke yangu kunanishinda. Nikikaa na mchezo wa mfalme, nasikia sauti ya baba mdogo. Nikikaa na wa shangazi, mama yangu anaingia na masanduku. Ule wa mishumaa haunikai kichwani, maana siuelewi. Yule mume ana ufunguo, nyumba ni yake, mvua inamnyeshea, sasa anasubiri nini? Labda tatizo ni la mlango. Nisaidie jambo moja la ufundi. Je, mlango ule unafungukia ndani au nje? Una komeo kwa ndani, au kitasa tu? Kama kuna komeo namwelewa, ufunguo usingemsaidia. Muulize mwalimu wako.

Huku kwetu bonde la Ruzizi limechafuka. Watu wanashuka na mizigo kichwani, na usiku tunasikia milio. Mimi naendelea na randa yangu. Usiwe na hofu.

Onesphore



Kigoma, tarehe 30 Mei 1964

Onesphore,

Wakimbizi waliofika hapa kwa maboti wanasema Uvira imechukuliwa na wapiganaji. Wanasema makarani na walimu wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Nimekwenda bandarini kila siku kuuliza. Nahodha ameniambia kwamba barua bado zinapita Kalundu, lakini zinafunguliwa kwanza.

Mwalimu nilimuuliza swali lako. Aliweka miwani chini, akasema amefundisha mchezo ule tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya komeo. Tulitafuta kitabuni pamoja. Mlango una kitasa tu, komeo hakuna. Angeweza kuingia.

Sitaki mchezo wowote sasa hivi. Mfalme aende zake na shangazi aende zake. Niandikie kwamba u mzima.

Léocadie

[Pembeni, kwa penseli nyekundu:] Imesomwa, bandari ya Kalundu. Huyu mfalme ni nani? Shangazi ni nani? Mwenye kuandikiwa afike ofisini ajieleze. Déogratias, mkaguzi wa barua.



Uvira, tarehe 5 Julai 1964

Kwako Léocadie,

Mimi ni mzima kabisa. Mama ni mzima. Baba mdogo amepanda Bijombo kutazama mifugo na kupumzika kidogo.

Umenipatia umaarufu. Nilialikwa ofisini Kalundu kueleza barua zako. Kuna mkaguzi pale, Bwana Déogratias, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya mambo haya. Alikuwa ameziweka barua zako mezani, hata zile za zamani zilizotoka karakana kwangu, na kuzipigia mistari. Akaniuliza, taji lililoazimwa ni cheo cha nani? Shangazi mwenye masanduku, ndani ya masanduku kuna silaha gani? Na mishumaa, ni risasi?

Nikamwambia, bwana, ni michezo ya Waingereza, mchumba wangu anataka nichague. Akasema, basi simulia, tuone kama utajikanyaga. Nikasimulia. Wapiganaji walikuwa wamejaa chumbani na bunduki zao. Taji lilipoingia kisimani, mmoja aliruka akasema, "Bongo! Uongo tu! Mama gani anatupa mali?" Mwenzake akamjibu, "Weye hukuzaliwa na mama? Yangu angetupa na kisima yenyewe!" Kwa shangazi walicheka mpaka mmoja akaegemeza bunduki ukutani ili ajishike mbavu. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana ukoo wangu haukucheka hata kidogo.

Kwa mume wa mvuani walisogea karibu. Halafu mmoja akauliza, "Na ule mwanamuke, alifungua?" Nikasema haijulikani. Akanikasirikia kana kwamba ni mimi niliyeshusha pazia.

Kazi ninayo nyingi sana. Nakusalimu.

Onesphore

[Pembeni, kwa penseli nyekundu:] Imesomwa. Hakuna siasa. Mimi nachagua shangazi. Sikuwa nimecheka tangu Aprili. D.



Kigoma, tarehe 9 Agosti 1964

Kwako Onesphore,

Namshukuru Mungu u mzima. Niliipokea barua yako bandarini nikaketi palepale juu ya gunia la chumvi nikalia. Hilo naliandika ili ulijue.

Sasa naandika lingine. Mji wenu umechukuliwa, watu wanavuka ziwa wakiwa wamebeba watoto migongoni, na wewe unaniletea hadithi ya kuchekeshana na wenye bunduki! Ulialikwa, unasema, kama arusini. Baba mdogo anapumzika mlimani. Kazi ni nyingi. Nani anakupa hizo kazi nyingi, Onesphore? Unawatengenezea nini watu wale?

Na bado hujachagua. Ukoo wako umechagua, mama yako amechagua, mkaguzi wa barua amechagua kwa penseli nyekundu. Wewe tu ndiye huna neno. Nilidhani unachelewa kwa sababu unafikiri. Siku hizi najiuliza kama kuna mtu humo ndani wa kufikiri. Samahani, imeniuma kuandika hivyo, lakini sifuti.

Mwezi wa kumi na mbili hauko mbali. Mama Claire, mjane jirani wa hospitali, amenipa chumba kwake nikimaliza shule. Nimekubali kukipanga.

Léocadie

Bwana Déogratias, kwa kuwa utasoma kabla yake, nakusalimu. Shangazi mwishoni aligundua nyumba yake halisi ilikuwa mkabala, ng'ambo ya barabara, akakataa kuhamia kwa kuwa majirani hawakumpendeza.



Kalundu, tarehe 20 Septemba 1964

Kwa Mademoiselle Léocadie,

Hunifahamu, ila mimi nakufahamu kuliko ipasavyo. Nakushukuru kwa mwisho wa shangazi. Niliwasomea wenzangu.

Barua yako ya Agosti niliishika siku nyingi kabla ya kumpa Onesphore, kwa sababu lawama uliyomtupia inanihusu mimi. Yeye haandiki anachotaka, anaandika ninachoruhusu. Hukuambiwa mambo haya.

Hakualikwa ofisini. Aliletwa amefungwa kamba, na alikuwa amekaa kizuizini kabla ya kuanza kusimulia. Kama wale watu wasingecheka, sijui ningekuandikia nini leo. Baba yake mdogo hakwenda kupumzika, alikimbia. Ng'ombe waliokuwa kwa baba yako Kamanyola wameliwa na wapiganaji, pamoja na yule mwenye doa jeupe.

Kuhusu kazi zake nyingi. Watu wetu walipokuwa wanatafuta makarani walivunja milango ya Mulongwe karibu yote. Onesphore anapita nyumba kwa nyumba anaitengeneza. Halipwi. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia watu hawawezi kulala bila mlango. Ndicho anachotengeneza. Kwetu hajatengeneza kitu isipokuwa benchi lililokuwa limevunjika tangu zamani.

Naandika bila penseli nyekundu kwa sababu sitakuwa hapa muda mrefu. Jeshi la serikali linakaribia. Nilipenda kazi ya shule. Sijui kama nitairudia.

Unisamehe kwa kusoma.

Déogratias



Kigoma, tarehe 11 Oktoba 1964

Onesphore,

Mkaguzi ameniandikia. Kamba. Milango. Ng'ombe. Yote.

Nilisema sifuti. Nafuta. Nisamehe.

Ng'ombe wamekwenda, kwa hiyo huna deni nami wala mimi sina kwako, na baba hana cha kuwarudishia. Usijilazimishe jambo lolote kwa sababu ya neno la wazee. Lakini kama moyo wako bado uko palepale, bado nangoja. Nitaanza kazi hospitalini mwezi wa kumi na mbili. Chumba changu kwa Mama Claire ni cha mwisho uani, mlango wa kijani.

Léocadie



Uvira, tarehe 15 Novemba 1964

Kwako Léocadie,

Hii haikufunguliwa na mtu, isipokuwa kama umeolewa na mwingine anayekufungulia barua. Jeshi la serikali liko mjini. Ofisi ya Kalundu ni tupu, benchi langu tu limebaki. Déogratias sijui alikokwenda, na ninamwombea. Sijazoea kukuandikia bila yeye, naona kama pembeni pameachwa wazi.

Sina cha kukusamehe. Ungejuaje?

Unasema ng'ombe wamekwenda na kwa hiyo hakuna tena neno. Mimi nilidhani hivyo pia. Nikafunga safari mpaka Kamanyola kumwona baba yako. Nilimkuta Mzee Gaspard ameketi karibu na zizi tupu. Nikamwambia, mzee, kama unaona ahadi imekufa pamoja na wanyama, sitakulaumu. Alinikasirikia sana. "Ng'ombe akishaingia kwangu ni wangu," akasema. "Akifa ni wangu, akiliwa ni wangu. Weye hauna kosa. Mutoto ni wenu. Kwenda umuchukue tu." Baba mdogo, aliyerudi amekonda lakini sauti ni ileile, anasema hivyohivyo. Kwa hiyo ujue kwamba mambo yote yamekwisha, wazee wamekubali, na kwa desturi yetu ningeweza kuja kukuchukua kesho.

Sasa nikwambie jambo lililonipata, ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi wa nane nilitengeneza mlango wa Mama Émérance, mjane anayekaa karibu na daraja la Mulongwe. Wake ulikuwa umevunjwa vibaya kuliko yote, fremu nzima ilikuwa imeng'oka. Nilimwekea mbao mpya, bawaba mpya, kitasa kipya. Nilipomaliza yeye alikuwa chumba cha ndani na wajukuu. Nikafunga kwa nje ili nijaribu kitasa, halafu nikaingiza ufunguo, nikaufungua nikaingia, nikifurahia jinsi ulivyogeuka laini. Sikusema hodi. Mlango nilikuwa nimeutengeneza mimi, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nabisha nini?

Alitoka ndani akapiga kelele ambayo bado naisikia. Alianguka magoti akiwafunika watoto kwa kitenge. Aliponitambua alilia, akasema, "Onesphore mwanangu, minye nilizani ni bale bantu banarudia." Nikaketi sakafuni palepale, tukalia wote.

Tangu siku ile, kila mlango niliomaliza nilitoka nje, nikaufunga, nikampa mwenye nyumba ufunguo kupitia dirishani. Halafu nikabisha. Watu walinicheka. "Weye fundi, ingia tu, si mulango yako?" Nikangoja mpaka waseme karibu.

Yule mume wa mvuani nilimcheka mbele ya ukoo mzima. Nilidhani ni mjinga, kisha nikadhani ni habari ya komeo. Ulipoandika kwamba komeo hakuna, niliona sasa amekuwa mjinga zaidi.

Nimechagua, Léocadie. Nimechagua peke yangu, hakukuwa na pombe wala kikao. Mama ananiuliza ni upi, nami nimemkatalia, akanuna kidogo. Lakini sitaandika hapa. Barua zetu zimesomwa na watu wengi mno. Naja na boti la baada ya Krismasi. Nakupenda, na hilo pia nimeamua mwenyewe.

Onesphore



[Kipande cha karatasi, kimepitishwa chini ya mlango]

Kigoma, tarehe 29 Desemba 1964

Léocadie,

Mimi niko hapa nje. Nimebisha mara ya kwanza, nadhani mvua imenizidi sauti.

Mama Claire, nilipomwambia mimi ni nani, alinipa ufunguo wake wa akiba, akasema niingie nikaukaushe mwili, wewe huenda umelala kwa sababu ya zamu. Ni mama mwema. Kwa hiyo funguo ninazo mbili, huu wake na ule wa maneno aliyonipa baba yako Kamanyola. Zote ziko mfukoni, na mfuko nimeufunga kifungo.

Mchezo niliosema nimeuchagua ni huu.

Kwetu hodi ni mara tatu, zikiisha bila jibu mtu huenda zake bila kinyongo. Nimebakiza mbili. Nakuuliza mimi, si ukoo, kama utakubali kuolewa nami, na kazi yako ukafanye popote unapotaka, hapa au Uvira, mbao ziko kila mahali. Ukitaka kukataa, kataa, nitalala bandarini na nitakuwa nimekusikia.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usifungue kwa ajili ya mvua.

Onesphore



[Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo, umerudishwa chini ya mlango]

Onesphore,

Sikulala. Nilikuona kupitia dirishani tangu ulipoingia uani, na moyo ulikuwa unanipiga hivi kwamba nilishindwa kuitikia hodi yako ya kwanza.

Katika mwaka mzima sikukwambia nilichagua upi. Siku niliposimama mbele ya darasa mwalimu aliniuliza, je, unadhani yule mke alifungua? Nikamjibu kwamba nangoja kusikia kutoka Uvira.

Tazama vizuri, fundi. Seremala mzima na hujaona? Mlango umeegeshwa tu. Sijaufunga tangu asubuhi, ungesukuma kwa kidole ungekuwa ndani.

Hodi mbili zilizobaki ziweke, zitatufaa uzeeni.

Karibu.

Léocadie